Mwili ni Wangu, Kosa ni la Nani? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi mwezi huu zimegusa jambo moja: mtu mzima anapojihatarisha kwa hiari yake, kwa unga, bangi, pombe au kitu kingine, sheria imfuate hadi chumbani? Wanaojibu ni mwanasheria wa makosa ya jinai na mtabibu wa kliniki ya uraibu.

SWALI: Nikivuta bangi chumbani kwangu simwibii mtu wala simpigi mtu. Kosa langu ni lipi? Sigara na pombe zinaua zaidi na zinauzwa mchana kweupe. Naomba jibu la kisheria, si mahubiri.

Mwanasheria: Hoja yako ni ya siku nyingi na ina uzito. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliiweka wazi mwaka 1859: dola haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa kisingizio cha kumtakia heri, haki hiyo huipata pale tu inapowakinga wengine. Ila Mill huyo huyo aliwaweka watoto nje ya kanuni yake, na akakataa kwamba mtu anaweza kuutumia uhuru wake kujiuza utumwani. Kila anayeutazama uraibu kwa karibu hukwama hapo. Aliyebwia unga kwa mara ya kwanza alichagua. Yule anayeamka alfajiri na arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, jasho na tumbo la kuendesha, tusiseme kirahisi kwamba naye anachagua.

Kuhusu vifo, takwimu zinakuunga mkono nusu. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya tumbaku kuwa zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, vya pombe milioni 2.6 kwa mwaka 2019, na vya dawa za kulevya takriban 600,000 mwaka huo huo. Lakini wanywaji na wavutaji ni wengi mno kuliko wanaojidunga, kwa hiyo usisome hapo kwamba heroini ni salama kuliko bia. Kinachosomeka ni kwamba mstari kati ya halali na haramu haukuchorwa kwa kupima madhara. Ulichorwa na historia, biashara na siasa.

Sheria inazo njia za kumzuia mtu asijiumize bila kumgeuza mhalifu. Jimbo la Victoria nchini Australia lilianza kulazimisha mkanda wa gari mwaka 1970. Asiyeufunga hulipa faini akaendelea na safari. Kazi yake haipotei. Uingereza ilikuwa ikiwashtaki waliojaribu kujiua hadi mwaka 1961. Bunge lilipoliondoa kosa hilo halikusema kujiua ni jambo jema. Lilikubali kwamba kumpandisha kizimbani mtu aliyenusurika hakumponyi.

Kipimo ninachokitumia ni hicho: adhabu isimuumize mtu kuliko hatari inayodaiwa kumkinga nayo. Kwa bangi ya chumbani, kifungo na doa la jinai linalomfuata mtu kila aombapo kazi vinashindwa mtihani huo waziwazi. Kwa maoni yangu matumizi ya mtu mzima faraghani yasiwe jinai. Kuendesha gari ukiwa umelewa, kumpa mtoto na kuuza ni mambo mengine, na hapo silegezi hata uzi.

SWALI: Nasikia Ureno "wamehalalisha" dawa zote. Ni kweli?

Mwanasheria: Si kweli, na kosa hili la lugha linaharibu mjadala mzima. Kuhalalisha ni kuiruhusu biashara yenyewe: kulima, kutengeneza, kuuza, kutoza kodi. Uruguay ilipitisha sheria ya namna hiyo kwa bangi Desemba 2013, na Kanada ikafuata Oktoba 2018. Ureno ilifanya jambo dogo zaidi. Iliondoa jinai kwenye kumiliki kwa matumizi binafsi, ikaacha uuzaji na usafirishaji kuwa uhalifu wenye vifungo virefu. Ni sheria namba 30 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Julai 1, 2001.

Utaratibu wake ni huu. Polisi akimkuta mtu na dawa, anazitwaa na kuzipima. Kipimo cha kuanzia ni matumizi ya siku 10, na jedwali likakitafsiri kwa gramu: heroini gramu 1, kokeni 2, bangi kavu 25. Aliye chini ya hapo hapelekwi mahakamani. Hupewa wito wa kufika mbele ya tume ndani ya saa 72. Tume ina watu watatu, mmoja wa sheria na wengine wa fani kama tiba, saikolojia au ustawi wa jamii, na haikai kama mahakama. Swali la kwanza ni kama mtu huyu ana uraibu. Asiye nao, na hajawahi kufika pale, shauri lake husimamishwa. Mwenye uraibu akikubali tiba, shauri husimama pia. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye uraibu hatozwi faini kabisa, kwa sababu watunga sheria walijua fedha hiyo ingetafutwa kwa wizi.

Ureno iliingia katika sheria hiyo ikiwa na watu wanaokadiriwa 100,000 wenye matatizo ya heroini, karibu asilimia 1 ya wananchi wake. Mwaka 2001 waliogunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi kwa sababu ya kujidunga walipita 1,000. Miaka ya karibuni hawafiki 50. Sheria peke yake haikuyaleta hayo. Yaliletwa na methadoni (dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya heroini), sindano safi, na wahudumu waliowafuata mateja walipokuwa, na sheria ikaacha kuwafukuza wasifikiwe.

SWALI: Mbona jimbo la Oregon la Marekani walijaribu wakarudi nyuma? Hiyo si ishara kwamba kulegeza ni makosa?

Mtabibu: Oregon inastahili kusomwa kwa makini kuliko Ureno, kwa kuwa inaonyesha mahali panapovunjika. Wapiga kura walipitisha hoja namba 110 Novemba 2020, ikaanza Februari 1, 2021. Aliyekutwa na dawa kidogo alipewa hati ya faini ya dola 100, ambayo ingefutwa akipiga simu ya bure na kufanyiwa tathmini ya afya.

Sasa jiweke mahali pa mtu aliyelala barabarani, mkononi ana hati ile. Asipolipa, hakuna kinachotokea. Asipopiga simu, hakuna kinachotokea. Akipiga, upande wa pili hakuna kitanda, kwa sababu fedha za matibabu zilichelewa zaidi ya mwaka kuwafikia watoa huduma. Waliopiga walikuwa wachache sana. Miaka hiyo hiyo fentanili, dawa ya jamii ya heroini iliyo kali zaidi, iliingia kwenye soko la Pwani ya Magharibi na vifo vikapanda. Watu wakaona mtaani yale waliyoyaona, hasira ikawa ya haki, na kuanzia Septemba 1, 2024 kumiliki kukawa kosa la jinai tena, hadi siku 180 za kifungo.

Tofauti na Ureno iko kwenye mpangilio. Ureno mtu anakutana na mtu, uso kwa uso, ndani ya siku tatu, na nyuma ya meza ile kuna kliniki iliyokwisha kufunguliwa. Oregon ilitangulia kuondoa adhabu, tiba ikafuata ikichechemea. Mimi ninayetaka adhabu iondolewe nasema hivi bila kigugumizi: serikali isiyo na vituo vya methadoni, wahudumu wa mtaani wala vitanda vya kutosha isiguse sheria kabla ya kuvijenga. Hata Ureno, huduma zake zilipopunguziwa fedha na kusambaratishwa mwaka 2012 wakati wa mdororo wa uchumi, matumizi ya wazi yalirudi kwenye baadhi ya mitaa ya mji wake wa Porto.

SWALI: Kwa nini tusikaze zaidi? Nina hakika adhabu ingekuwa kali kweli, watu wangeogopa.

Mwanasheria: Huogopa, ila anayebadilika zaidi ni msafirishaji, na hubadilika kwa namna inayoua. Anayesafirisha kwa siri hutafuta mzigo mdogo wenye nguvu nyingi. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 5, 1933, bia ilikuwa taabu kuficha, kwa hiyo soko likaegemea pombe kali. Ndipo zikaja sumu. Serikali ilikuwa ikiagiza pombe ya viwandani itiwe methanoli ili isinyweke, wauzaji wakajaribu kuisafisha wakashindwa, watu wakapofuka na kufa. Mwaka 1930 maelfu kwa maelfu walipooza miguu kwa dawa ya tangawizi iliyochanganywa na kemikali ya plastiki ili ipite ukaguzi. Na sheria yenyewe haikukataza kunywa. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha.

Mtabibu: Leo jambo hilo linaitwa fentanili. Ina nguvu takriban mara 50 ya heroini, kwa hiyo kilo moja hufanya kazi ya kilo 50, na kilo moja inaingia kwenye mfuko wa unga wa chapati. Kwa asiyezoea, miligramu 2 zinaweza kuua: chembe chache kama za chumvi. Muuzaji huichanganya na poda nyingine kwenye mfuko, kwa kutikisa. Ukitikisa chumvi kidogo ndani ya kilo ya unga haienei sawa, pengine itakosekana na pengine itakuwa donge. Kete mbili za mfuko mmoja, siku moja, muuzaji mmoja: ya kwanza haina kitu, ya pili inamsimamisha mtu pumzi. Hakuna ukali wa hakimu unaomsaidia mtu huyo kujua ameshika ipi.

Kuna karatasi za kupima fentanili. Mabaki huyeyushwa kwenye maji, ncha ya karatasi ikaingizwa sekunde 15, kisha unasubiri kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Wengi wanakosea hapa: mstari mmoja maana yake fentanili ipo, mistari miwili maana yake haikuonekana. Ni kinyume cha kipimo cha mimba kwa macho ya wengi. Na kwa sababu ya lile donge, mistari miwili si cheti cha usalama. Majimbo mengi ya Marekani kwa muda mrefu yalizihesabu karatasi hizi kuwa "vifaa vya dawa za kulevya", mtu akakamatwa kwa kubeba kitu cha kumwokoa. Sheria za aina hiyo nazipinga kwa moyo wangu wote.

SWALI: Mimi ni mzazi. Mkiondoa adhabu, mnawaambia nini wanangu?

Mwanasheria: Mama, hofu yako naiheshimu, na ndiyo sababu sitetei kuhalalisha kila kitu. Muuza kete haulizi cheti cha kuzaliwa, na duka lenye leseni linaweza kunyang'anywa leseni likimuuzia mtoto. Kwa bangi hoja hiyo inaelekea kwenye leseni, ilimradi matangazo yapigwe marufuku tangu siku ya kwanza. Biashara ya tumbaku imetufundisha inakoelekea ikiachiwa itangaze. Kwa heroini na kokeni sioni duka lolote ninaloweza kulitetea mbele yako.

Bei nayo ni sheria. Scotland iliweka bei ya chini ya pombe Mei 2018: peni 50 kwa kila kipimo kimoja cha kilevi halisi, yaani mililita 10, ikapandishwa hadi peni 65 Septemba 2024. Chupa ya mililita 700 yenye kilevi asilimia 40 ina vipimo 28, kwa hiyo haiuzwi chini ya pauni 18 na peni 20. Chupa ya divai ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina vipimo 9, chini kabisa pauni 5 na peni 85. Hakuna aliyekamatwa kwa kunywa, lakini ile pombe kali ya bei ya kutupa, inayonunuliwa na kijana na mlevi sugu, imeondoka rafuni.

SWALI: Mikataba ya Umoja wa Mataifa inaruhusu hayo yote?

Mwanasheria: Mikataba ni mitatu: 1961, 1971 na 1988. Wa 1988, ibara ya 3(2), unazitaka nchi zifanye kumiliki kwa matumizi binafsi kuwa jinai, lakini kwa kuzingatia katiba na misingi ya sheria za kila nchi, na ibara hiyo hiyo inaruhusu tiba badala ya hukumu. Kutumia kwenyewe hakutajwi. Nafasi ya kufanya kama Ureno ipo. Nafasi ya kufungua biashara haipo, na Kanada na Uruguay zinajua hivyo. Bolivia ilijitoa kwenye mkataba wa 1961 na kurudi mwaka 2013 ikiwa na sharti la kulinda utafunaji wa majani ya koka.

SWALI: Mdogo wangu alikuwa anajidunga heroini. Wiki ijayo anatoka jela baada ya miezi minane. Wazee wanasema akirudia tumripoti arudishwe ndani. Nifanye nini?

Mtabibu: Pole sana, na ahsante kwa kuuliza kabla hajatoka. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote. Miezi minane mwili wake umesahau kuhimili dawa, lakini kichwa kinakumbuka dozi ya zamani. Akirudia ile ile anaweza kuacha kupumua ndani ya dakika chache. Wazee wako wanataka kumwokoa, lakini hofu ya polisi itamfanya ajifungie chooni akiwa peke yake, na wengi hufia huko. Mwambie waziwazi: hatutaki utumie, ukitumia usijifungie.

Kabla hajafika, ulizia naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, kwenye kituo cha afya au kliniki ya uraibu, na ujue inakaa wapi ndani ya nyumba. Ukimkuta hafumbui macho, mwite kwa jina, sugua mfupa wa kifua kwa nguvu kwa vifundo vya ngumi. Tazama mboni za macho kama zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Sikiliza pumzi: mkoromo wa majimaji si usingizi. Kwa ngozi nyeusi usisubiri midomo igeuke bluu; geuza mdomo wa chini uangalie ndani, na uangalie ufizi na kucha. Rangi ya majivu inatosha.

Piga simu ya dharura. Mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, toa kilichomo mdomoni. Naloksoni ya puani, miligramu 4, ni pulizo moja kwenye tundu moja. Ya sindano ni miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo. Bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5, uone kifua kikipanda. Zikipita dakika 2 hadi 3 bila mabadiliko, rudia dozi, tundu la pili. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe. Usimwagie maji, usimpe maziwa, usimtembeze.

Halafu usiondoke, na yeye asiondoke. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, na dawa iliyomo mwilini inaweza kudumu zaidi, akazama tena. Ataamka na arosto, pengine na matusi, akitaka kwenda kutafuta nyingine juu yake. Mshike kwa maneno. Kama alichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, naloksoni haitavigusa hivyo, lakini haidhuru kuipa.

Mwanasheria: Usimripoti. Kabla ya jioni yake ya kwanza nyumbani, uliza kliniki au mwanasheria kama nchi yenu ina kinga kwa anayepiga simu ya dharura. Kanada, kwa mfano, tangu Mei 2017 anayepiga simu na anayezidiwa hawashtakiwi kwa kumiliki dawa kidogo. Hata pasipo na kinga hiyo, piga, na sema "hapumui". Maneno hayo ndiyo yanayoleta gari la wagonjwa, na ni kweli.

Mtabibu: La mwisho ni methadoni. Bora angeianza akiwa ndani. Kama gereza halina, mfikishe kliniki siku anayotoka. Siku ya kwanza hupewa miligramu 20 hadi 30, na chini ya hapo kwa aliyekaa muda bila dawa, kisha hupandishwa taratibu, wengi wakatulia kati ya 60 na 120. Atalalamika wiki ya kwanza kwamba haimtoshi. Usimtafutie ya pembeni. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ya leo inaikuta ya jana na ya juzi ikiwa bado imo, na dozi iliyoonekana ndogo Jumatatu inaweza kumlaza asiamke Alhamisi. Siku akiruhusiwa kuibeba nyumbani, chupa ikae kwenye kabati lenye kufuli. Dozi ya mtu mzima mmoja inatosha kumuua mtoto.